Macho ya Vinzi vya Fenesi

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu simu ya mama ilikuwa mkononi mwangu pale mama wa miwa alipopasua sauti kibarazani: "Jamani, tokeni nje! Kuna watu wametundika chuma ulete!"

Chuma ulete yenyewe, huo uchawi wa kuvuta hela za wengine, ilikuwa vifuko viwili vya maji. Aliyevitundika ni mie.

Hapa Mbagala tumepanga chumba kimoja. Upande wa kulia wa kibaraza mama ana meza ya fenesi: analipasua, anachambua zile nyama za njano, anazipanga kwenye visahani. Upande wa kushoto yupo mama wa miwa na mashine yake ya kukamulia. Chumba chake kinatazamana na chetu. Simpendi, na sitaki kulificha hilo. Ananiita Bubu, kwa sababu mbele ya watu wazima sauti yangu inakwama, na kila asubuhi lazima nimpe shikamoo huyo huyo anayeniita Bubu.

Makapi ya miwa anayarundika nyuma ya mashine mpaka yanachacha. Yakichacha vinakuja vile vinzi vidogo vya rangi ya chai, vyenye macho mekundu. Vinazaliana kwake, vinakula kwetu. Halafu yeye ndo wa kwanza kuwaambia wateja, "Nyie mnakula nzi, njooni mnywe miwa." Wiki ile kila jioni mama alikuwa anarudi ndani na nusu ya fenesi haijauzwa.

Mie nipo kidato cha tatu. Mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba jicho la nzi si jicho moja. Ni mamia ya vijicho vilivyobanana, kila kimoja na lenzi yake yenye pande sita, kila kimoja kimeelekea kwake. Nikawaza: basi nikiweka kitu cha kumeremeta, kila kijicho kitapigwa na mwanga wake, nzi atachanganyikiwa, ataondoka. Na kwenye bucha moja niliwahi kuona wametundika mifuko ya maji. Ijumaa jioni nikajaza maji kwenye vifuko vya barafu, nikatumbukiza sarafu ndani ya kila kimoja ili ving'ae zaidi, nikavifunga kwenye waya juu ya meza. Mama akaniangalia tu. Alikuwa ameshachoka kiasi kwamba hata ningetundika kiatu asingeuliza.

Jumamosi nikakaa kuvichungulia vile vinzi. Havikuchanganyikiwa hata kidogo. Kimoja kilitua juu ya kifuko chenyewe, kikawa kinasugua miguu kama mtu anayesubiri chakula. Kwa hasira nikachukua kimoja kilichofia kwenye utomvu, nikakibandika kwenye kijiti cha meno, nikaweka tone la maji juu ya kamera ya mbele ya simu. Tone linakuza. Nikakishusha karibu, nikapiga picha.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Jicho lilijaa kioo kizima, jekundu, vinundu vinundu vimepangana bila nafasi, kama ganda la fenesi lililochovywa kwenye rangi. Nikakumbuka sentensi nyingine ya mwalimu, ile ambayo sikuiandika kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Nzi haoni meza mia. Kila lenzi inakamata nukta moja tu, nukta zinaungana kuwa meza moja yenye ukungu, kama picha iliyoshonwa kwa shanga. Lenzi ni ndogo mno, haziwezi kuonyesha kitu vizuri. Ila kitu kikisogea kinaruka kutoka nukta hii hadi ile, na nzi anakiona hapo hapo. Ndo maana kitambaa anachowafukuzia mama hakijawahi kumpata hata mmoja.

Hapo ndipo ile kelele ilipopasuka.

Wapangaji wakatoka. Bibi mwenye nyumba akaja anajifunga khanga. Nyumba ni yake, kibaraza ni chake, akisema meza itoke inatoka.

"Hela ndani ya maji, juu ya biashara!" mama wa miwa akamwambia. "Bibi, tangu jana sijauza hata jagi moja. Hela zangu zote zimevutwa!"

"Shoga, huuzi kwa sababu miwa yako ni maji matupu," mama akamjibu.

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Nani kaweka?"

"Mie, bibi."

"Toa sauti."

"Ni kwa ajili ya... macho, bibi. Macho ya nzi."

"Kasema macho!" mama wa miwa akapiga makofi. "Mmesikia kwa masikio yenu? Bubu kaongea, na alilosema ni macho!"

Kila kitu nilichokuwa nakijua kilikuwa kifuani, hakipandi. Nikafanya lile nililoliweza: nikampa bibi simu, aone mwenyewe.

Bibi akaishika mbali, akaisogeza, akaishika mbali tena. "Astaghfirullah."

Mama wa miwa akachungulia begani mwake, akaruka nyuma hadi akaipiga mashine yake kiuno. "Jini! Jini lenyewe hilo, jicho moja, jekundu!"

"Mbona kama fenesi?" dada msusi wa chumba cha uani akauliza.

"Si ndo limeshaingia kwenye fenesi!"

Mteja mmoja alikuwa na kisahani mkononi. Akakirudisha mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali, akaondoka. Mama akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona.

"Mie majini siyajui," bibi akasema. "Nzi nawajua. Vifuko vishuke sasa hivi. Na kesho saa nne naleta kiti changu hapa. Nikiona nzi wamejaa kwenye fenesi, meza inatoka, mtatafuta kwingine."

Mama hakunitetea. Alipoichukua simu kwa bibi alisema neno moja tu kwanza: "Maji?" Halafu akaifuta kwa upande wa gauni lake. "Simu yangu umeitia maji?"

Nilivishusha vifuko mama wa miwa akiwa amesimama na mikono kiunoni, anahakikisha. Nilimchukia. Nilimchukia na bibi, na yule mteja wa suruali, na nilijichukia mie kwa kuwa na picha nzuri kuliko zote Mbagala na mdomo usiofanya kazi. Jioni nilipokuwa napepeta mchele hasira ikapoa kidogo, nikafikiria vizuri. Jicho lile haliwezi kuliona fenesi kutoka mbali. Kwa mbali fenesi ni ukungu tu. Vinzi vinaletwa na harufu, jicho ni la kukwepea. Mie nilikuwa napigana na macho, na harufu ipo upande wa kushoto imerundikwa.

"Ukigusa makapi yake ataleta vita," mama alisema nilipomwambia.

"Si tayari vita, mama?"

Akaupokea mchele, akaenda kuuosha.

Asubuhi niliamka kabla ya wote. Nikachukua viroba viwili, nikazunguka nyuma ya mashine. Nilipoinamia lile rundo vinzi vilinyanyuka vyote kwa pamoja, mkono wangu haujafika hata nusu. Vikaniingia puani. Nikabana mdomo, nikayazoa makapi kwa mikono, chini yamelowa na ya moto kama uji.

Mlango ukafunguka. Mama wa miwa akatoka na mswaki mdomoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akatema povu. "We Bubu! Nyota yangu ya biashara unaipeleka wapi?"

"Jalalani," nikasema. Ilitoka kwa sauti, hadi dirisha la bibi likafunguliwa.

Nikajitwika kiroba cha kwanza kichwani, maji yake yakanichuruzikia shingoni, nikapita mbele yake.