Mwaka Manang Edelisa Alipojifunza Kusomea Nyumbani

Manang Edelisa alifeli masomo manne kwa mpigo akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, ingawa hakuna hata kazi moja aliyoacha kuifanya.

Kijijini kwetu Bugnayan, huku milimani katika jimbo la Antique ambako tufani hazikosi kila mwaka, sote tulipitia mikononi mwake, na sote tulimwita Manang, yaani dada mkubwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea kwa miaka ishirini na sita, katika kile chumba kilichobandikwa ubavuni mwa ukumbi wa kijiji. Mimi, Merafe, yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu na kuacha kuuma wenzangu. Lakini shahada hakuwa nayo. Aliacha chuo mwaka wa pili, enzi za usichana wake, baba yake alipoanguka kutoka juu ya mnazi na kupooza miguu. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, basi akarudi nyumbani, na miaka ikapita. Chuo cha mjini kilipoanzisha kozi mseto, ambapo unakwenda darasani Jumamosi moja kila wiki mbili na siku nyingine zote unasoma mtandaoni, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujiandikisha.

Muhula ule wote alisomea jikoni, kwenye simu, akiandika kwa kidole kimoja kati ya chungu na chungu. Kumbe ukurasa wa masomo ulikuwa na vitufe viwili: kimoja cha kuhifadhi, kingine cha kuwasilisha. Yeye alikuwa akibonyeza kile cha kwanza, anaona neno "imehifadhiwa", anamshukuru Mungu, anarudi kwenye wali wake. Kazi kumi na tisa zilibaki humo humo bila kumfikia mwalimu yeyote. Matokeo yalipotoka, alikuta sifuri zimejipanga kama mayai kwenye trei.

"Sasa Manang, si ungeuliza?" nilimwambia baadaye.

"Niliona haya, Inday," alijibu, akiniita kama wazee wa kwetu wanavyomwita msichana yeyote. "Darasa zima ni watoto niliowafuta makamasi. Leo niinue mkono niseme mimi sijui?"

Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka huo, na nimejiandikisha kozi ile ile ya ualimu ianzayo Agosti. Mama yangu aliposikia kwamba Manang anataka kurudia, alinisukuma mlangoni. "Nenda kwa Manang wako. Wewe una vidole, yeye ana kichwa. Mkiunganishwa atapatikana mtu mmoja."

Ndivyo ilivyoanza miezi ile miwili, Juni na Julai, ambayo mpaka leo nikisikia mvua juu ya bati naikumbuka.

Nilikwenda nikidhani ninakwenda kufundisha kompyuta. Manang alikuwa amenitangulia. Alikuwa amepanda gari asubuhi moja mpaka mjini, akaenda kumwona Madam Grecia, mhadhiri aliyempa sifuri kadhaa kati ya zile.

"Nilimwambia anifundishe mashine," Manang alinisimulia. "Akaniambia, Edelisa, mashine ni ya wiki moja tu. Kwanza niambie, unasomea wapi, na saa ngapi? Nikasema, nasoma kazi zikiisha. Akacheka. Akaniuliza, na kazi za nyumbani kwako huisha siku gani?"

Basi tukaanza na mahali. Nyumba yao ilikuwa ndogo, ya mianzi na saruji, na sehemu pekee yenye mwanga na mtandao wa kueleweka ilikuwa dirishani, palipokuwa na cherehani ya marehemu mama yake. Shida ni kwamba chini ya dirisha lile mumewe, Manong Rustico (manong ni kaka mkubwa), alifuga majogoo wake wa kupigana, tisa, kila mmoja na kigingi chake.

"Rustico," alimwambia mbele yangu, "kuanzia leo dirisha hili ni langu, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja. Usiniite. Nyumba ikiwaka moto, mwite Merafe."

"Na kahawa yangu?"

"Mikono unayo miwili."

"Na majogoo?"

"Majogoo wana miguu."

Manong alicheka kwa sauti, akaenda zake, na majogoo wakabaki pale pale. Ilipita wiki. Kisha tukafanya jaribio la kwanza la darasa la moja kwa moja: mimi nyumbani kwetu na simu ya mama, yeye dirishani na kompyuta kuukuu aliyoazimwa na ofisi ya kijiji. Nikiwa najifanya mhadhiri, nikamwuliza swali la malezi ya mtoto. Akafungua kinywa, na jogoo akajibu.

"Manang, sikusikii! Namsikia jogoo tu. Anasemaje?"

"Anasema Jumapili atapikwa na papai bichi!"

Manong Rustico alikuwa anapita nje. Akasikia. Mchana ule nilimwona akiteremka kijitoni na jogoo kwapani, akarudi mikono mitupu, akateremka tena na mwingine. Alivuka mara tisa mpaka kwa kaka yake ng'ambo. Tangu hapo kila alfajiri alichukua mahindi yake kwenye kopo akaenda kuwalisha huko, mvua inyeshe isinyeshe, na hakulalamika hata siku moja.

Manang alijifunza kuchapa kwa vidole kumi kwa njia yake mwenyewe. Hakuandika mazoezi niliyompa. Alitoa madaftari yake ya mahudhurio ya tangu mwaka wa kwanza, akachapa majina ya watoto wote aliowahi kuwafundisha, na mbele ya kila jina neno moja au mawili. "Anaimba." "Anaogopa radi." "Hakurudi baada ya Krismasi." Siku moja nikachungulia juu ya bega lake, nikasoma: "Merafe. Anauma."

"Futa hiyo, Manang!"

"Sifuti. Hiyo ni kumbukumbu ya serikali."

Na mimi? Nilijua kila kitufe, ila sikujua saa. Alichukua kalenda ya duka la mchele, tukaomba mapema ratiba za masomo yote, akaandika tarehe ya kila kazi siku mbili kabla ya ile ya kweli. Nikamcheka.

"Manang, mimi hufanya vizuri nikibanwa."

"Hata tumbo hubana, Inday. Shida ni kwamba halikuulizi kama uko karibu na choo."

Wiki ya mwisho ya Julai alinifanya nimwandalie barua pepe kwa Madam Grecia. "Andika hivi: Madam, huku kwetu tufani ikija mtandao huondoka siku nyingi. Ikitokea wakati wa kazi ya mwisho, mimi na Merafe tufanye nini?" Niliona aibu. Darasa halijaanza, tunaomba udhuru! Madam alijibu siku ya pili: tuandike kwa mkono, tulete wenyewe chuoni ndani ya siku tatu baada ya barabara kufunguka, na tuitunze barua hiyo. Manang aliichapisha, akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha ndoa.

Muhula ulianza. Kila alipowasilisha kazi alisubiri neno la uthibitisho, akaliandika daftarini na saa yake. Jumamosi za darasani alikaa mbele, akiinua mkono mpaka wengine wakaguna. Mimi mwezi wa kwanza nilipeta. Wa pili nikaanza kufungua somo na huku natazama vichekesho. Oktoba nilikuwa nimekosa kazi tatu, na nilimficha.

Alijua. Alikuja kwetu alfajiri na mwavuli uliovunjika ubavu, akaketi jikoni akiwa amelowa, akangoja niamke. Nilitoka chumbani macho yamevimba.

"Madam ameuliza habari zako," alisema. "Nikamwambia yuko mzima. Je, nimesema kweli?"

Nikalia. Nilimwambia nafungua vitabu naona giza, kwamba mtu akisoma peke yake hakuna anayemwona akiacha.

"Ndiyo," alisema. "Nilijua hivyo tangu jikoni kwangu. Chukua kiti chako twende."

Nilichukua kiti kweli, nikakibeba kichwani kwenye mvua. Kuanzia siku hiyo tulikaa pande mbili za cherehani, yeye na kompyuta, mimi na simu. Nimeishi sehemu nyingi tangu hapo, zenye viyoyozi na meza za maana, lakini sijawahi tena kusoma kama nilivyosoma pale. Manong alituwekea kahawa, ile ya mchele uliokaangwa, pamoja na samaki mkavu, akiondoka kwa ncha za vidole kama mwizi. Saa moja ikigonga alifunga kompyuta, akavaa aproni yake ya chekechea, akawa tena mwalimu wa watu wadogo.

Tufani ilikuja mwishoni mwa Novemba, siku nne kabla ya kazi ya mwisho. Ilipopita, paa la ukumbi lilikuwa shambani na nguzo za umeme zimelala njiani. Siku tisa hatukuwa na umeme wala mtandao. Tuliandika mpango wetu wa masomo, ndiyo kazi yenyewe ya mwisho, kwenye karatasi za njano, kwa mwanga wa dirisha, yeye akinisahihisha hesabu na mimi nikimkumbusha kurasa. Siku ya kumi tukasikia barabara imefunguliwa, ila daraja hakuna. Manong Rustico akatushika mkono mmoja mmoja, akatuvusha mtoni maji yakifika mapajani, karatasi zikiwa kichwani kwa Manang ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ng'ambo tukapanda lori la magogo ya minazi.

Chuoni, karani wa dirisha la mapokezi alitutazama matope yetu. "Kila kitu mtandaoni, Nanay," alisema, kwa heshima ya mtu anayemwita mama. "Karatasi hatupokei."

Manang akafungua ndoo, akatoa ule mfuko wa plastiki. Karani alisoma barua, akatazama tarehe ya Julai, akaisoma tena. "Mlijuaje?"

"Mwanangu," Manang alisema, "mimi nimezaliwa Antique."

Madam Grecia alikuja mwenyewe kuzipokea. Alizipangusa kwa leso yake. Wenzetu wengi walipewa nafasi baadaye, lakini baada ya majuma ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi.

Tulifaulu masomo yote, yeye kwa alama za juu kuliko zangu, jambo alilolitangaza kanisani kwa kisingizio cha kutoa shukrani. Shahada ilichukua miaka minne. Siku ya mahafali Manong Rustico alivaa viatu vilivyombana mpaka akavivua, akapiga makofi amesimama na soksi, akiita "Edelisa! Edelisa!" kana kwamba amempoteza sokoni.

Shule ya msingi ya mjini ilimpa darasa la kwanza. Akafundisha mwaka mmoja, akarudi chekechea yetu. Watu walimshangaa: sasa kusoma kote kule kulikuwa kwa nini? Alisema alitaka kumaliza alichokianza, na amekimaliza, na watoto wadogo hawamjibu kwa kiburi.

Sasa magoti yamemwishia, na yeye na Manong wanaishi katika jiji la Bacolod kwa binti yao. Mimi nafundisha mjini. Nikienda kumsalimu mama hupita mbele ya nyumba yao ya zamani. Mpangaji ni mkunga, mtu mwema, ameweka pazia la maua dirishani na hulifungua jua likiwa limeshapanda. Huwa natamani kumwambia kwamba pale mwanga mzuri huja mapema zaidi, halafu naona nitamsumbua bure, nakwenda zangu.