Jina la Uzi wa Nane

"Umenizika mara mia nne tangu Pasaka, mzee Nyangwine. Hata mbuzi huchinjwa mara moja."

Huyo ni Maduhu, Msukuma aliyekuja Matongo kuchimba dhahabu, amesimama uani kofia mkononi. Veronika, mke wa Nyangwine, aliendelea kupepeta ulezi. Moyoni alimwona mgeni ana haki yake. Duara lao, lile shimo la dhahabu, liliporomoka, ndala zake zikakutwa pale mdomoni, mwenyewe haonekani. Nyangwine akaitwa aje na iritungu, kinubi chake cha nyuzi nane, akamlilia kwa wimbo. Siku ya pili ya msiba marehemu akashuka kwenye bodaboda kutoka Kisaka, miguuni mabuti, kichwani pombe, akauliza nani amekufa.

Watu walicheka. Ila wimbo ulishaingia kwenye simu.

"Hakuna anayekubali kushuka na mimi," Maduhu alisema. "Kamba yangu hawaishiki. Wanasema mtu aliyeshaliliwa atawavuta. Nitoe humo, baba. Nina watoto."

Nyangwine hajui noti hata moja. Mwalimu wa kwaya anasema Ulaya mtu kama huyu angejengewa sanamu; hapa anapewa paja la mbuzi, tena akiwahi. Anaanza chini kama ng'ombe anayeguna zizini, anazunguka, anarudi palepale, njuga ya mguuni ikigonga. Nyuzi saba zinaongea. Wa nane haugusi mpaka jina la marehemu. Ukilia huo, hata walevi wanavua kofia.

"Jina halitoki," alisema. "Baba aliniachia hivyo. Linapisha lingine tu. Nipe la kuweka."

Maduhu alianza kuhesabu majina kichwani. Maadui anao wa kutosha, ila kumtaja mtu mbele ya lile iritungu si mchezo.

Veronika akaweka ungo chini.

Miaka sita iliyopita Machage, kifungua mimba wao, alishuka duara jingine, hakupanda. Mwili haukupatikana. Nyangwine, aliyelilia kata nzima, mwanawe hajamlilia. Kila alfajiri anapiga peke yake, anafika mahali pa jina, ananyamaza. Kimya hicho Veronika anakisikia hata akiwa mtoni anachota maji. Na tangu Msukuma arudi mzima, mambo yamezidi. Bodaboda ikipunguza mwendo tu, vidole vya mzee vinasimama juu ya nyuzi.

"Weka Machage," alisema Veronika.

Nyangwine alikuwa anakaza uzi. Akaendelea kuukaza, na ulishakazika.

"Baba Machage, huyu arudi kazini kwake. Na mimi nimsikie mwanangu mara moja, nijue pa kulilia. Au unamngoja ashuke na yeye kwenye bodaboda, aulize nani amekufa?"

Maduhu aliangalia kofia yake.

"Utaliweka, huliweki?" Veronika aliuliza.

Mzee aliinuka, akatundika iritungu begani, akapita katikati yao. Njuga ilisikika mpaka kwenye uzio wa mkonge, ikakata kona kuelekea mashimoni, upande wa duara la Machage.