Mikeka ya Bibi na Matofali ya Uani

Majuzi fundi alikuja kwangu hapa Mikumi kupima uani, maana nataka pasakafiwe kwa matofali, nipate pa kukaa jioni na pa kuanikia. Akafungua futi kamba yake, akavuta huku, akavuta kule, akaniuliza, "Hesabu ya kubana, lisibaki tofali, au ya kuachia ya akiba?" Nikacheka peke yangu. Akadhani namcheka yeye, akanuna. Wala sikuwa naye, ndugu yangu. Mimi nilishafika Rudewa, uani kwa bibi, nimesimama juu ya mikeka.

Maisha yetu yote yalikuwa uani. Ndani tuliingia kulala. Huko nyuma ndiko tulikotwanga, tulikopika, ndiko wanawake walikosukia ukili wa mikeka, na ndiko mpunga ulikoanikwa. Harufu ya moshi wa kuni na mpunga uliotoka shamba, mpaka leo ikinipitia puani nageuka, kama kuna mtu kaniita. Ila masika yakiingia, ua wote tope. Kuna mwaka mvua iliwahi, ikaukuta mpunga uko chini. Mwingine ukaota palepale. Tulikula wali unaokwaruza meno, bibi anatafuna, macho kwenye mlango wa nyuma.

Basi likaja tanuri la kijiji. Enzi zile kila kitu cha wote: shamba la wote, matofali tunafyatua wote. Shule kwanza, zikibaki nguvu, majumbani. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita kila mlango: semeni mnataka kiasi gani, tanuri linachomwa mara moja tu, mvua hizo. Hapo sasa. Ukitaja kidogo, nusu ya ua inabaki tope. Ukizidisha, wewe kupe, unanyonya jasho la wenzako. Na kwetu mtu akishaitwa kupe, hata kaa la moto haombi, atamwomba nani? Tope bibi alishalizoea. Jina hilo ndilo lililomnyima raha.

Futi hakuwa nayo, alikuwa na mikeka. Akawaita wanawake wa jirani, wakaja na mikeka yao kichwani, wakaitandika kuanzia mlango wa jikoni mpaka mwisho wa ua, ardhi isionekane hata kidogo. Kisha mkeka mmoja wakaupangia matofali ya kuazima pale shule, yamelala ubavu kwa ubavu, na kila tofali mimi natupa haragwe kwenye ungo. Tulipomaliza, bibi akasema mikeka yote ni ndugu, kila mmoja upewe maharage yake kama yale. Tukayamimina kwenye kibuyu, nikatumwa kwa balozi.

Balozi akakitikisa. "Nimeomba hesabu, bibi yako ananiletea mboga?"

"Kila haragwe tofali moja, babu," nikamwambia. "Usiyapike."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini akayahesabu.

Tanuri likachomwa, matofali yakaja. Wanawake wakamwaga mchanga wa mtoni, wakapanga, wakashindilia kwa michi huku wanataniana nani kiuno kimechoka. Sakafu ikatoka nyekundu, imenyooka, mimi natembea juu yake kama mwenye nchi. Ndipo nikaliona lile rundo. Ua umeisha, matofali yapo, na si machache.

Jirani yetu, mzee mmoja ambaye mlango wake wa jikoni unatazamana na wetu, alishaliona kabla yangu. Yeye hakuomba hata tofali, alisema miguu yake haina ubwana. Akasimama pale, mikono nyuma. "Kumbe kupe nalala naye jirani," akasema, "na Jumapili kwenye kikao nitamtaja."

Mimi damu ikanipanda, nikaokota kipande cha tofali. Bibi yangu aitwe kupe, nami nipo? Bibi akanishika kifundo cha mkono, hata hakunitazama.

"Mwamkie kwanza," akasema.

"Shikamoo," nikasema, kipande bado mkononi.

"Marahaba," akajibu mzee, anakitazama hicho kipande.

Bibi akaingia ndani, akatoka na mikeka miwili, akaitandika juu ya sakafu mpya. Akaitazama. Ghafla akajipiga paja. "Jamani, tulitandika ya maulidi!" Wanawake wote wakaangua kicheko. Maana mkeka wa wageni hautandikwi kingo kwa kingo, unapandishwa juu ya mwenzake, mgeni asije akakalia udongo kwenye upenyo. Mikono yao ilishazoea hivyo. Kila pindo lilipolaliana na lingine, pale tumehesabu ardhi mara mbili.

Wengine wangeanza kujitetea. Bibi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia mpaka kesho, aliuburuta mkeka mmoja mpaka ukingo wa sakafu yetu, akautandika kuelekea kwa mzee, kingo kwa kingo safari hii. Halafu wa pili. Ukafika karibu na kizingiti chake.

"Jirani," akamwambia, "hayo ni ya kwako. Tulikuwa tunasubiri useme."

Mzee akaenda kuchukua jembe, akaanza kusawazisha mwenyewe. Kikao kilipofika, balozi akauliza kama kuna mwenye neno; mzee akasema kwake hakuna tope tena, basi. Masika yale mpunga wake na wetu ulikauka sakafu moja, nami na watoto wake tukawa tunafukuza kuku pamoja.

Nimepita Rudewa juzijuzi. Bibi hayupo, mzee hayupo. Watoto wa watoto wao wamejenga ukuta katikati ya ua, mrefu, na matofali ya bibi yanaingia chini yake upande huu na kutokea upande wa pili, kama hayajaambiwa. Nilitaka nigombane na mtu, nikakosa wa kugombana naye.

Fundi wangu amemaliza jana. Hesabu ameipatia, anajisifu barazani kwamba halikubaki hata tofali moja. Kweli, halikubaki. Nikatazama mlango wa jirani yangu ng'ambo ya ua, na tope lililo katikati yetu, nikamwambia fundi kesho arudi na matofali mengine.