Redio Iliyokuwa Ikilia kwa Fundi

Wa kulaumiwa ni shemegi yangu na fundi wake, na mimi simfichi mtu. Shemegi ndiye aliyesema, "Mpelekee fundi wangu pale Darajani, kesho unaichukua." Kesho hiyo mpaka ikaota ndevu.

Redio yenyewe ndogo, ya betri, antena nshaifunga kwa waya wa baiskeli. Huiweka juu ya magunia kibandani kwangu Jang'ombe, ninapouza mkaa, na vumbi la mkaa ndilo lililoingia ndani hata ikawa inakoroma badala ya kusema. Mke wangu aliniona mjinga. "Bwana we, redio ya nini zama hizi? Simu si unayo?" Simu ninayo, ya kubonyeza. Lakini simu yangu hainisomei matangazo ya vifo.

Huku kwetu mtu akifa husomwa redioni: nani, wa wapi, anazikwa wapi na saa ngapi, kisha habari ziwafikie jamaa zake wa Mpendae, wa Paje, popote walipo. Ukisikia, unavaa kanzu unakwenda. Usiposikia, mtu wako kashazikwa nawe unapima mkaa. Na mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kumsikilizia.

Miaka ya nyuma, chombo tulichopanda kilipozama baharini, tajiri wake akiwa nchi kavu baada ya kukijaza watu na mizigo mpaka juu, mimi nilishika dumu tupu la mafuta. Upande wa pili wa dumu alikuwapo mzee wa Mkokotoni, mchuuzi wa dagaa. Tulielea mpaka miguu haina habari na mwili. Kila nikifumba macho ananipiga kofi la maji. "Kijana, usife hapa, nani atakuzika? Papa?" Nikamwambia tukitoka salama, siku yake ikifika mimi nitaingia kaburini kumpokea. Akasema, "Haya, lakini usichelewe. Mimi sipendi kungoja."

Tulitolewa, wengi hawakutolewa. Tangu hapo nikimwendea kila sikukuu. Simu hakuitaka, na wanawe namba yangu hawaijui. Tukakubaliana kwamba siku yake ikifika, nitasikia redioni.

Sasa nnakwenda kwa fundi, ananambia, "Ami, kuna kifaa nakisubiri." Nnarudi, "Ami, umeme ulikatika." Nnarudi tena, hata uso hainui, "Ami, na wewe una haraka!" Nikajaribu kusikiliza redio ya muuza duka jirani yangu, lakini saa ya matangazo ikifika tu anahamisha, anataka mpira. "Yakhe, maiti asubuhi yote hii?" Nikirudi kibandani mkono unakwenda wenyewe juu ya gunia, haukuti kitu. Nikawa mkali hata kwa wateja. Mke wangu akanambia ningepotea mimi nisingetafutwa hivyo.

Asubuhi moja dereva anayeniletea mkaa kutoka Kaskazini aliteremka garini akanipa mkono wa pole. "Ami, mzee wako tushamzika. Wanawe walikutazamia sana. Mbona tangazo lilitoka?"

Nilikwenda Darajani na masizi yangu. Sijafika mlangoni nikaisikia. Redio yangu naijua, mtangazaji akimaliza maneno, redio yenyewe hukohoa kidogo. Ilikuwa juu ya rafu ya fundi, taarabu juu, yeye chini anakunywa urojo.

"Karibu ami! Imepona zamani hii, naijaribu tu. Ina sauti tamu, wallahi, nikashindwa kuiachia."

"Matangazo ya vifo unayasikiliza?"

"Kila siku. Juzi kuna moja limetuchekesha hapa. Mzee wa Mkokotoni, wamesoma jamaa zake wote, mwisho wakasema habari zimfikie na mwenzake wa dumu, Jang'ombe. Nikawauliza hawa wenzangu, mwenzake wa dumu ndo ujamaa gani huo?"

Nikanyoosha mkono nikaizima. Fundi akaweka bakuli chini.

"Ami, kwani vipi? Kama nimekuudhi niwie radhi."

Radhi hiyo hajaipata mpaka leo. Nilichukua redio yangu nikapanda gari ya Mkokotoni vile vile, mweusi kama nilivyo. Mwanawe mkubwa akanipeleka kaburini. "Tulikungoja," akanambia, "mpaka shehe akasema basi." Udongo ulikuwa haujakauka. Alipoondoka nikachutama, nikamsalimu mzee, nikamsomea, kisha nikamweleza aliyenichelewesha. Nilianza na shemegi.