Kuimba Mbio Mbele ya Kamera

Binti yangu mkubwa ana jina la mama yangu, ndiyo maana tangu azaliwe namwita Mami. Anaimba nyimbo za injili na anaishi Mugutha. Mwaka jana alitaka video ambayo nguo na mikono vinakwenda polepole huku mdomo ukifuata wimbo sawasawa. Nimepiga video za harusi hapa Thika maisha yangu yote, lakini hiyo sikuijua. Nikajifunza kwenye simu. Wimbo unachezwa kwa kasi mara mbili, mwimbaji anaufuata mbiombio, na kamera inanasa picha mara mbili ya kawaida. Ukipunguza mwendo baadaye, mdomo unarudi kwenye wimbo na mwili unaelea.

Tulirekodi kando ya shamba la kahawa. Spika ilipowaka, sauti ya Mami ilitoka kama ya kifaranga. Akacheka hadi akainama.

“Baba, huyu ni mimi ama ni panya?”

Wanakwaya wawili waliomsindikiza wakacheka pia. Mimi nimezoea harusi, ambako mwenye kamera humwamuru hata mchungaji asogee. Nikafoka mbele yao: “Mami, acha utoto! Jua linaondoka.”

Akafuta macho, akaimba mara moja bila kosa.

Nyumbani mtaa wa Landless, ninakoishi peke yangu, nikapunguza mwendo. Mdomo ulishika kila neno. Wimbo wenyewe ni wa furaha. Kule shambani uso wake ulinipita haraka. Lakini sasa niliona kidevu kikitetemeka kabla ya kila mstari, na macho yakinitafuta nyuma ya kamera, kisha yakihama. Nilirudia kipande hicho hadi chai ikashika utando. Nikampigia, nikamwomba turekodi upya.

“Weka tu hiyo, Baba. Mdomo umeshika wimbo, si ndiyo ulitaka?”

Baadaye nikasikia amepata mpiga video mwingine, huko Ruiru. Jumapili akaacha kupitia kwangu. Nikawa napika ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Asubuhi moja nilisimamisha kamera uani, nikaweka wimbo wake kwa kasi ileile, nikajaribu mwenyewe. Jirani aliyekuwa akianika nguo alinitazama, akaingia ndani. Ubeti wa pili, pumzi ikaniishia. Nikampigia binti yangu.

“Nimejaribu kuimba mbio, nimeshindwa. Ni kazi ngumu, na mimi nilikufokea mbele ya watu. Nilikosa. Nisamehe, Mami.”

Akauliza:

“Ulijaribu na hayo meno ya kubandika?”

“Nayo.”

“Na hayakuanguka?”

“Ya juu yalitoka kwenye kiitikio.”

Kisha akasema amefika kazini, tutaongea. Hakusema lini, nami sikuthubutu kuuliza.