Rubani Asiye na Adabu

"Shikamoo baba. Naomba ufungue tena nione," rubani, binti wa umri wangu, alimwambia fundi mzee aliyekuwa ametengeneza bomba la mafuta la ndege yetu ndogo, kwenye kiwanja cha Mbulu.

"Marahaba. Nimefunga mwenyewe."

Abiria tukaguna. "Mtoto anamkagua baba yake!" alisema mama mmoja wa kijiji cha Tlawi. Nami niliyesoma chuo nikaongeza, "Hana adabu kabisa."

Mzee alifungua kifuniko cha injini. Rubani akaigusa nati ya bomba kwa vidole viwili, ikazunguka. Mafuta yakamchuruzika mkononi. Huko angani injini ingezimika bila kuuliza umri wa mtu.

Mzee akaikaza ile nati. Tulipofika salama, tulimshukuru Mungu kwa sauti. Rubani alisimama mlangoni akitusaidia kushuka. Hakuna aliyemwomba radhi, hata mimi.