Hitma ya Rashadi wa Kitabuni

Leo mimi ni bibi wa wajukuu tisa na nikisema nasikilizwa, lakini nikikanyaga kijijini kwetu Gando tu hakosekani mtu wa kunipigia kelele kutoka barazani, "Bi Salma, hitma ya Rashadi lini?", nami hapo hapo hujivutia buibui usoni nikakaza mwendo. Aibu ile haijanitoka, na kwa kuwa kila anayeihadithia huitia chumvi yake, bora niiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, msimu ambao karafuu zilizaa mpaka matawi yakainama. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza skuli, sina kazi ila majivuno ya kujua kusoma. Kaka yangu alikuwa ameniletea kutoka Unguja kitabu kinene, Mlango wa Miji Saba, kina farasi wanaosema na mji unaohama wenyewe usiku na zimwi aliyelala miaka elfu, na kijana mmoja, Rashadi, aliyemuaga mama yake akaenda kuutafuta mlango wa mji wa saba. Juu ya jalada kimeandikwa "Kitabu cha Kwanza", na nyuma wametaja vingine sita (ambavyo hadi leo sijavitia machoni).

Basi kila baada ya alasiri wanawake walikuwa wakikusanyika uwanjani kwa shangazi yangu, Bi Mize, kuchambua karafuu, na mimi, badala ya kuchambua, nikasema nitawasomea. Bi Mize alikuwa na mtoto mmoja tu, Faki, aliyekwenda Mombasa akapanda meli akawa baharia, na mwaka wa sita ule hana barua wala salamu. Jamaa walishamchosha kwa kumwambia amsomee mwanawe hitma, naye jibu lake lilikuwa moja, "Mie simsomei hitma mtu alo hai." Nilipofika pale mama yake Rashadi anapomwekea mwanawe sahani ya chakula kila siku, nikaona mikono ya shangazi imesimama juu ya uteo wa karafuu. Nikaendelea kusoma, maana nilipenda kusikilizwa.

Sasa kitabu kikaisha. Rashadi kafika mlangoni, zimwi kafumbua jicho moja, chini yake wameandika Mwisho wa Kitabu cha Kwanza! Nikainua macho, karafuu bado chungu nzima, na Bi Time, jirani yetu mwenye sauti kama adhana, anasema, "Haya mwanangu, n'somee, kafanyaje?" Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kusema kimekwisha, nilirudi ukurasa wa kwanza, nikakazia macho, nikaanza kutunga. (Kurani wote waliisoma, tena vizuri kunishinda mimi, lakini herufi zile za skuli hakuna aliyezijua.)

Nilitunga wiki nzima, nikajifunga mwenyewe kwa uongo wangu, farasi mmoja nikamuua mara mbili mpaka Bi Time akauliza, "Huyu si kafa juzi?" Nikachoka. Siku ya Jumatano nikaamua kumaliza kazi, nikamfanya zimwi ammeze Rashadi, nikafunga kitabu, nikaenda zangu nyumbani nimefarijika kabisa.

Kesho yake nafika naona mikeka imetandikwa barazani, wanaume wamekaa na juzuu mikononi, Maalimu Shaame wa chuo cha Kurani yuko mbele, na huku jikoni kuku wamechinjwa na pilau linanukia. Nikauliza nani kafariki. Bi Time akanitazama kama nimepungukiwa. "Rashadi. Si wewe ulotusomea?"

Nataka mnielewe hapa, maana watu huwacheka wale wanawake bure. Hadithi ya uongo kwao ilikuwa na mlango wake, mtu anasema paukwa, wanaitikia pakawa, ndipo anaanza. Mimi sikusema paukwa. Nilifungua chuo, ndivyo walivyokiita kitabu, na vyuo walivyovijua wao vilikuwa na maneno ya Mungu na visa vya Mitume. Kilichoandikwa kimetokea.

Tukakaa ndani nyuma ya pazia. Maalimu akauliza kutoka barazani, "Majina ya marehemu, na baba zao?" Shangazi akajibu taratibu, "Rashadi, babake simjui." Kisha akaongeza, "Na Faki bin Kombo. Kama yule mwenye panga na farasi hakurudi kwa mamake, wangu mie atarudi na nini?"

Jamani, moyo ulinipasuka. Nikapiga ukelele, mimi msichana, wanaume wote wanasikia, "Maalimu usisome! Hajafa! Nimemuua mimi!" Juzuu zikafungwa kwa mshindo, mtu akamwaga kahawa. Nikaeleza yote nikilia, kwamba Rashadi ni mtu wa kutungwa, kwamba kitabu kilimwacha mlangoni mzima, kwamba zimwi hakummeza mtu ila nilichoka. Kicheko kilichotoka barazani nakisikia hadi leo.

Shangazi peke yake hakucheka. Alinishika mkono. "Chuo chenyewe kimemwacha mlangoni?" "Ndiyo shangazi." "Hai?" "Hai." Akanyanyuka mpaka kwenye pazia. "Maalimu, ntolee jina la Faki humo."

Maalimu akakohoa, akasema chakula kisharipoti kazini (alipenda mzaha yule mzee), basi tuwaombee walio safarini. Wakaomba, pilau likaliwa, nami niliosha masufuria yote peke yangu.

Faki hakurudi. Wala kitabu cha pili sikukipata, na nilikitafuta hata Unguja. Lakini tangu siku ile nikimsomea mtu, ukurasa ukiisha nami naishia hapo hapo, hata akinibembeleza. Na shangazi, mpaka uzeeni, nikienda kumtazama alikuwa akiniuliza kabla sijakaa, "Yupo bado mlangoni?"

"Yupo, shangazi."

"Haya," atasema, kisha anakwenda kupakua sahani tatu, nasi tu wawili.